UZI: Kutoka Lushoto hadi Mtae kwa miguu, na namna ya kuitembea Usambara pamoja na wenyewe

Mtembea Taratibu (mleta uzi):

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Kila sikukuu zinapokaribia huanzishwa uzi wa kuulizia Lushoto, na majibu huwa yale yale: nenda Irente, simama juu ya jabali, piga picha, nunua jamu na mkate pale shambani kwa Walutheri, kisha urudi zako mjini. Irente ninaipenda. Mlima unakatika ghafla miguuni pako, na chini yako, takriban mita 1,000, unaiona Mazinde na mashamba yake ya mkonge yaliyonyooka kama mistari ya daftari, kisha nyika inayokwenda hadi macho yachoke. Lakini aliyefika Irente akageuza gari amekwenda mlimani kuitazama nyika. Mlima wenyewe ulikuwa mgongoni mwake, na uzi huu ninauleta kwa ajili ya huo mlima wa mgongoni.

Nimetembea kutoka Lushoto mjini hadi Mtae mara tatu, na kila mara nilitumia siku tatu. Siku ya kwanza unapita katika msitu wa Magamba hadi Lukozi, ya pili unapitia Manolo hadi Rangwi, na ya tatu unatoka Rangwi hadi Mtae, ambako mlima unaishia kwenye ukingo mwingine mrefu kuliko wa Irente. Zipo njia nyingine nyingi, lakini hii ndiyo ninayoifahamu vizuri, kwa hiyo nitaieleza hii.

Kwa wasioujua upande huo, mabasi ya kutoka Dar es Salaam hupitia Chalinze, Segera na Korogwe hadi Mombo, na pale Mombo barabara ya Lushoto huiacha barabara kuu ya Moshi na kuanza kupanda. Ni kilomita zipatazo 33 tu, lakini hazina haraka, kwa kuwa barabara inajipinda ubavuni mwa mlima huku bonde likiwa upande mmoja na mwamba upande wa pili. Reli ya kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, na mji tunaouita Lushoto Wajerumani waliuita Wilhelmstal, wakaufanya makao yao ya kukimbilia joto. Katikati ya mpando utakutana na Soni, na maporomoko yake yanaonekana kutoka barabarani. Ninapofika Soni huwa ninashusha kioo cha dirisha, kwa sababu hapo ndipo hewa inapobadilika. Unaivuta puani na unajua umekwishaiacha Mombo.

Sasa niseme jambo lililonifanya niandike. Mara yangu ya kwanza niliingia Magamba peke yangu. Nililipa kiingilio kama inavyotakiwa, nikashauriwa nichukue mwenyeji wa kuniongoza, nikakataa nikiamini kwamba njia ni njia. Ilikuwa mwezi wa Juni. Kufika saa saba mchana ukungu ulishuka, na ndani ya nusu saa sikuweza kutofautisha kijia cha watu na kijia cha maji ya mvua. Nilizunguka hadi saa kumi jioni, nimelowa, simu haina mtandao, na nilikuwa nimekwishaanza kuogopa kwelikweli niliposikia sauti za wanawake waliokuwa wakitoka kuokota kuni. Walinitoa hadi barabarani bila kunidai chochote. Mmoja wao, mama wa makamo aliyebeba mzigo ambao mimi nisingeuinua, aliniuliza njiani kwa upole kabisa: “Baba, huku kwetu umekuja kwa nani?” Sikuwa na jibu. Swali hilo nimelibeba tangu siku ile, na safari zangu zote zilizofuata nimehakikisha nina jibu lake: ninakuja kwa fulani, ninalala kwa fulani, na anayetembea nami ni fulani wa kijiji fulani.

Nawakaribisha wenye uzoefu wachangie, na wenye maswali waulize.

Dada wa Kigamboni:

Ahsante sana kaka kwa uzi huu. Ninaomba kuuliza mambo mawili. Mimi nina umri wa miaka hamsini na mbili, magoti si mabaya lakini si ya msichana, na ningependa kwenda na binti yangu wa miaka kumi na minne. Je, mwendo huo wa siku tatu tutauweza? Pili, ndani ya msitu kuna nini hasa cha kutazama, maana binti anapenda wanyama na sitaki nimpeleke akachoke bure?

Mtembea Taratibu:

Dada yangu, mtauweza, ila msiupige kwa siku tatu, upigeni kwa nne. Mlalo wa ardhi ya Usambara ni wa kupanda na kushuka mfululizo: unashuka bondeni kwenye mto, unapanda upande wa pili, ukifika kileleni unaona bonde lingine linakusubiri. Magoti huumia zaidi katika kushuka kuliko katika kupanda, kwa hiyo nakushauri uchukue fimbo. Wenyeji watakukatia moja ya kukutosha kimo chako, na utaishukuru. Viatu viwe vyenye meno. Udongo wa huko ni mwekundu na ukilowa unateleza kama sabuni.

Kuhusu binti, usiwe na wasiwasi, lakini mwambie mapema kwamba Magamba si Serengeti. Ni msitu wa kutazama kwa karibu. Milima hii ni sehemu ya Tao la Mashariki, safu ya milima ya kale inayoanzia Taita kule Kenya hadi Udzungwa, na misitu yake imeishi kwa muda mrefu sana ikinyweshwa na unyevu unaoletwa na upepo wa Bahari ya Hindi, huku nyika kavu ikiuzunguka kila mlima kama bahari inavyozunguka kisiwa. Ndiyo maana wapo viumbe wanaopatikana hapo tu. Nitakupa mfano mmoja.

Safari yangu ya pili, kijana aliyekuwa akituongoza alisimama ghafla ukingoni mwa msitu, kwenye kichaka cha miiba kando ya barabara ya magogo, akanyoosha kidole. Tulitazama labda dakika mbili bila kuona kitu. Kisha jani moja likageuza jicho. Alikuwa kinyonga dume, kijani chenye mabaka ya samawati ubavuni, mwenye pembe mbili fupi zilizochomoza puani na kutanuka kidogo kama vidole viwili, na vijipele vimeshona kingo za pembe zile. Aliinua mguu mmoja wa mbele, akautikisa hewani mara tatu nne kana kwamba anapima upepo, ndipo akaukanyagisha kwenye kitawi kilichofuata. Kijana yule alituambia kwamba bibi yake asingekubali kumsogelea, kwa maana wazee wengi humwogopa kinyonga, lakini yeye amejifunza kuwatafuta na siku hizi ndio wanaompatia ada za shule za wadogo zake. Wataalamu wanasema kinyonga huyo haishi mahali pengine popote duniani isipokuwa Usambara Magharibi. Hatukumgusa, na ninaomba na ninyi msimguse wala kumtoa kitini kwake kwa ajili ya picha.

Juu ya miti mtawasikia mbega kabla ya kuwaona, na mkiwa na bahati mtawaona wakiruka, yale manyoya meupe ya mabegani yakipepea. Mwulizeni mwenyeji wenu awaonyeshe mkulo, mti mkubwa ambao ukisugua jani lake hunukia kafuri. Umekatwa sana kwa mbao tangu enzi za ukoloni, na ile mizee iliyobaki inatia heshima kuisimamia chini yake.

Mwana wa Lukozi:

Wakuu, mimi ni mzaliwa wa huko mnakokuzungumzia, na nimesoma uzi huu kwa furaha kwa sababu ni mara chache mtu wa mjini kuanza habari za kwetu kwa lile swali la umekuja kwa nani. Niruhusuni niongeze yangu.

Vile vijia mnavyovipita si vijia vya watalii. Ni njia za watu kwenda shambani, kisimani, shuleni, msikitini na sokoni, na vingi vinapita juu ya kingo za mashamba, upana wa nyayo mbili. Mgeni akikutana na mama mwenye tenga la kabichi kichwani, mgeni ndiye anayepisha, tena anapisha upande wa juu wa mlima ili asimtie mama kwenye hatari ya kuteleza. Mwaka juzi kundi moja kubwa la vijana kutoka mjini lilipita kwa baiskeli wakati maharage yamechanua, wakakatiza matuta kwa sababu kijia kilikuwa na tope, na nyuma yao wakaacha chupa za maji kwenye mfereji. Chupa zile zilikwenda kuziba mlango wa maji wa shamba la jirani yetu. Sisemi haya ili kumzuia mtu asije. Ninasema ili mjue kwamba mnapokanyaga, mnakanyaga chakula.

Nizungumzie pia yale matuta, kwa kuwa wageni huyapiga picha sana bila kujua habari yake. Katika miaka ya 1950 serikali ya mkoloni Mwingereza iliwalazimisha Wasambaa kulima matuta ya kuzuia mmomonyoko, kwa amri na faini, na wazee wetu walikataa. Walikuwa na sababu: kazi ilikuwa nzito mno kwa faida iliyoonekana, na waliokosa ardhi ya kutosha waliona wanazidi kuipoteza. Mpango ule ulivunjika kabla ya Uhuru. Lakini udongo uliendelea kwenda na maji, na ilipofika miaka ya 1980 ukaja mradi mwingine, kwa msaada wa Wajerumani, ulioanza kwa kupanda mistari ya majani ya ng'ombe kukingama mteremko. Hayo watu waliyapokea, kwa sababu jani linazuia udongo na ng'ombe anakula. Kwa hiyo mkitazama bonde la Lukozi asubuhi, zile ngazi za kijani mnazosema zinapendeza zimetokana na mabishano ya miaka mingi kati ya watu na mlima, na kati ya watu na serikali.

Mfike Lukozi siku ya gulio kama mnaweza. Mtaona magunia ya karoti, viazi mviringo, njegere na pilipili hoho yakipakiwa kwenye malori yanayoshuka usiku kwenda Dar es Salaam na Tanga, na kwa msimu wake mtakuta plamsi, peasi na fyulisi zilizopangwa mafungu mafungu juu ya majani ya mgomba. Nunueni kwa aliyelima.

Msomaji wa Muheza:

Ninawaunga mkono wote waliotangulia, ila ninasikitika kila mara Usambara inapotajwa kana kwamba ni Lushoto peke yake. Bonde la mto Lwengera limeigawa milima hii sehemu mbili, na sisi wa mashariki tuna Amani, ambako ni mwendo wa kupanda kutoka Muheza kupitia mashamba ya chai. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea na kilimo pale mwaka 1902, wakapanda miti kutoka kila pembe ya dunia, na hadi leo unaweza kutembea chini yake kama unavyotembea katika maktaba. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilitangazwa mwaka 1997. Msitu wetu uko chini zaidi kuliko Magamba, kwa hiyo ni wa joto na unyevu zaidi, na vipepeo ni wengi. Kuna vijiji vilivyojifunza kufuga vipepeo na kuuza vifukofuko vyao nje ya nchi. Marufuku ya mwaka 2016 ya kusafirisha wanyamapori hai iliwapiga vibaya, na ningependa mgeni anayekuja awasikilize watu hao wakieleza wenyewe.

Tena, yale maua madogo ya zambarau ambayo watu wa Ulaya na Marekani huyaweka dirishani kwenye vikopo, Saintpaulia, yanatoka kwetu. Yamepewa jina la Mjerumani aliyekuwa mtawala wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyeyapeleka kwao mwishoni mwa karne ya 19. Huku kwetu yanaota penye kivuli, kwenye miamba yenye ukungu karibu na mito, na ukiyaona hapo, majani yake yenye manyoya yakiwa yamelala juu ya jiwe lenye kuvu, utaona jinsi kikopo kilivyoyapunja.

Mtembea Taratibu:

Msomaji wa Muheza, umenikosoa kwa haki. Amani nimefika mara moja tu na sikutosheka, kwa hiyo ninakuomba uje na uzi wako nasi tuusome.

Mwana wa Lukozi, ninashukuru kuliko ninavyoweza kuandika. Umenieleza kwa nini yule mzee wa Manolo alinicheka niliposema matuta yake ni mazuri.

Sasa nimalizie njia, kwa kuwa dada wa Kigamboni atahitaji kupanga. Rangwi utalala kwa masista. Ni mahali pa utulivu, pana bustani na maji ya moto ya kuoga, na baada ya siku mbili za vumbi au tope utaona umefika kwa mama yako. Omba nafasi mapema kupitia mwenyeji wako.

Siku ya Rangwi hadi Mtae ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Unapita kijiji baada ya kijiji, na kila mtu atakusalimu. Jifunzeni salamu ya Kisambaa, walau ile ya asubuhi, “Onga maundo”. Hata ukiitamka vibaya uso wa mtu unafunguka, na mazungumzo yanayofuata ndiyo safari yenyewe. Watoto wakiomba pipi, msiwape pipi wala fedha. Wasalimuni na mwendelee. Msiingie katika kijisitu kinene kilichoachwa katikati ya mashamba bila kuuliza, kwani vingine ni mahali pa matambiko, na picha za humo hazitakiwi.

Mtae ilinipa jambo ambalo sikulitegemea. Nilikuwa nikijiuliza kwa nini watu walijenga kijiji juu ya mgongo mwembamba kiasi kile, mahali ambapo pande zote mbili ni korongo na upepo haulali. Mzee aliyenikaribisha chai akanieleza kwamba wahenga wao waliigawa dunia sehemu mbili, Shambaai na nyika. Shambaai ni mlimani kwenye migomba, ubaridi na mvua. Nyika ni chini, kwenye joto, mahindi na hatari. Aliyejenga ukingoni aliweza kulima kotekote: mwaka ambao mlima umekosa alishuka, na mwaka ambao nyika imekauka alibaki juu. Masimulizi ya Mbegha nayo yamekaa juu ya mpaka huo huo, kwani alikuja akiwa mwindaji kutoka Ngulu, akawaua nguruwe pori waliokuwa wakila mazao, akagawa nyama, na watu wakamfanya mtawala wao. Kizazi chake, Wakilindi, ndicho kilichotawala kutoka Vuga, na alipofika mmisionari Krapf mwaka 1848 alimkuta Kimweri ye Nyumbai akitawala nchi kubwa iliyoshuka kutoka milimani kuelekea pwani. Mzee alisema hayo huku akinionyesha kwa fimbo: kule Mkomazi, kule milima ya Pare, na kule, siku ikiwa safi, Kilimanjaro. Siku ile haikuwa safi. Tuliona mvua mbili tofauti zikitembea nyikani, kila moja na kivuli chake.

Kuhusu majira: Machi hadi Mei ni masika, njia zinakatika na sishauri mtu mwenye mtoto. Juni hadi Agosti ni baridi na ukungu mwingi asubuhi, chukueni sweta nzito. Mimi ningekwenda Septemba, au Januari na Februari. Msitegemee simu kuwaonyesha njia. Mwenyeji wa kuwaongoza mpateni Lushoto mjini kupitia ofisi za utalii wa kitamaduni, mwombeni kitambulisho, na mkubaliane bei yote kabla hamjaanza: kiingilio cha msitu, malazi, chakula na ujira wake wa siku ya kurudi, maana naye atarudi.

Dada wa Kigamboni:

Nimekuelewa kaka, na ahsanteni nyote. Nimekwishaongea na binti, tumekubaliana wiki ya kwanza ya Januari kabla shule hazijafunguliwa. Swali la mwisho: kutoka Mtae tunarudije?

Mwana wa Lukozi:

Dada, basi la Mtae huondoka alfajiri sana, kabla ya adhana, kwa hiyo usiku lipeni malazi kabisa na mmwombe mwenye nyumba awaamshe. Kaeni upande wa kushoto. Likifika Lukozi kutakuwa kumekucha, na pale linaposimama kupakia mizigo kuna mama anauza chai ya tangawizi na viazi vya kuchemsha. Mwambieni mmetoka Mtae kwa miguu, na akiwauliza mlikuja kwa nani, mtajeni mwenyeji wenu.